Hesabu Zilikuwa Nzima, Dirisha Ndilo Lililokufa

Mama mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA huko Morogoro. Mwaka 2012 nilimwandikia programu ndogo ya kutunza daftari la kikundi: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Haikuwa na mbwembwe. Dirisha moja, jedwali moja, vitufe vitano upande wa chini. Kila Jumamosi wanachama wakikaa aliifungua na kuingiza namba, huku sanduku la fedha likiwa mezani na funguo zake tatu zikiwa kwa watu watatu tofauti. Ilimtumikia miaka tisa.

Kisha kompyuta yake ikaharibika. Tukamnunulia nyingine ya mtumba, nikamwekea toleo jipya la Linux, nikahamisha mafaili yake yote, nikajua kazi imekwisha. Jumamosi ya kwanza simu ikaita.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Lile daftari halifunguki. Nabonyeza, panazunguka kidogo, halafu kimya. Na watu wameshakaa."

Siku ile wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mimi nikaiwasha programu kwangu, kwenye mfumo uleule niliomwekea, nikaona ujumbe wa mstari mmoja: hakuna moduli iitwayo gtk. Nikapitia msimbo mzima usiku ule. Sehemu ya hesabu ilikuwa mistari kama mia tatu, na ukiondoa mabano machache ya kuongeza ili Python mpya, lugha ya programu niliyoiandikia, iridhike, haikuhitaji kuguswa. Riba iligawanywa vilevile, faini ya kuchelewa ilikatwa vilevile, jumla ya mwaka 2014 ilitoka sawa na ile iliyoandikwa kwa mkono. Kilichokufa ni dirisha.

Nilikuwa nimeliandika kwa Python 2 na GTK 2, maktaba ya madirisha na vitufe, kupitia daraja lililoitwa PyGTK. Toleo la mwisho la daraja hilo lilitoka mwaka 2011, na halikuvushwa kwenda Python 3. Python 2 yenyewe ikafikia ukomo tarehe 1 Januari 2020, na mifumo mipya ya Linux ikaanza kuviondoa vyote viwili kwenye hifadhi zake. Maana yake ni kwamba siku naanza kumwandikia mama mdogo, kiwanja nilichojengea kilikuwa kimeshaanza kuhamwa. Waliokuwa karibu na kazi hiyo walijua. Mimi sikujua, na hakuna kitu kwenye msimbo wangu kilichoweza kuniambia.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria sana jambo hili la maktaba za kiolesura, yaani zile zinazompa mwandishi wa programu madirisha, menyu na vitufe vilivyokwisha kutengenezwa. Watu wakibishana kuhusu GTK na mpinzani wake Qt huwa wanabishana kuhusu uzuri wa macho au lugha ya kuandikia. Mimi naona jambo zito zaidi ni kalenda. Ukichagua maktaba ya kiolesura umekubali kwamba kuna watu wengine, usiowajua, watakaoamua ni mwaka gani utaacha kazi yako na kwenda kufanya ya kwao. Kwa kampuni hiyo ni gharama inayoingia kwenye bajeti. Kwa programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, inayotunzwa na watu watatu baada ya saa za kazi, inaweza kula miaka.

Kwanza nieleze kwa nini hakuna anayekwepa kirahisi. Chukua kitufe kimoja tu chenye neno Hifadhi. Lazima kichorwe, na kichorwe tena kipanya kikipita juu yake, na tena kikibonyezwa, na kififie kama hakuna cha kuhifadhi. Lazima kifikiwe kwa Tab kwa asiyetumia kipanya. Lazima kimweleze kisoma skrini jina lake na kazi yake, la sivyo asiyeona hana kitufe. Herufi zake lazima zipangwe sawasawa, kuanzia kushoto kwa Kiswahili na kuanzia kulia kwa Kiarabu. Kipanuke neno likiwa refu. Kikue kwenye skrini yenye pikseli nyingi. Na hayo yote yafanye kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Hicho ni kitufe. Jedwali lenye safu zinazopangika na kuharirika ni kazi ya miezi kwa mtu anayejua anachofanya. Ndiyo maana karibu kila mtu huegemea maktaba ya mwenzake, na akishaegemea, ukihesabu mistari ya programu yake utakuta mingi inazungumza na maktaba hiyo kuliko na kazi yenyewe. Daftari la mama mdogo lilikuwa na mistari mia tatu ya hesabu na karibu elfu moja ya dirisha.

Kisa ninachokirudia kila mara ni cha GIMP, programu ya kuhariri picha. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuiandika. Vitufe vyao vya kwanza vilitoka kwenye Motif, maktaba iliyotawala kwenye mashine za Unix wakati ule. Motif ilikuwa ya kulipia. Mtu angeweza kupewa msimbo wote wa GIMP bure na bado akashindwa kuijenga mwenyewe, kwa sababu hakuwa na Motif. Mattis akaamua kuandika vitufe vyake mwenyewe, na maktaba hiyo ikaitwa GTK. Herufi ya kwanza ni ya GIMP yenyewe. Toleo la 1.0 la GIMP lilipotoka mwaka 1998 lilisimama juu ya GTK. Motif ilikuja kupewa leseni huria kamili mwaka 2012, wakati ambapo karibu wote waliokuwa wakiihitaji walikwisha kuondoka.

Mpaka hapo ni hadithi ya ushindi. Lakini GTK ilikua. Mwaka 1997 mradi wa GNOME uliichukua iwe msingi wa mazingira mazima ya mezani, yaani paneli, menyu na madirisha yote anayoyakuta mtumiaji akiwasha kompyuta, na kadiri miaka ilivyopita maamuzi ya GTK yakafuata mahitaji ya GNOME, ambayo si lazima yawe mahitaji ya programu ya picha. GTK 2 ilitoka mwaka 2002, na GIMP 2.0 ikaifuata mwaka 2004. GTK 3 ikatoka Februari 2011. GIMP 3.0, toleo la kwanza imara lililosimama juu ya GTK 3, limetoka Machi 2025.

Ni miaka kumi na minne. Na kufikia hapo GTK 4 ilikuwa imetoka tangu Desemba 2020, na siku ileile GTK 2 ilitangazwa kufikia mwisho wa matunzo. Kwa zaidi ya miaka minne, programu iliyoizaa GTK ilikuwa ikiwafikia watumiaji wake juu ya GTK isiyotunzwa tena. Katika muda huo skrini zenye pikseli nyingi zilienea, na mtu alifungua GIMP akakuta alama ndogo kama punje za mchele. Mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye Linux, Wayland, haukuweza kuzungumza na GTK 2 moja kwa moja.

Nimesoma watu wakiwaita watengenezaji wa GIMP wavivu. Inaniuma. Katika miaka hiyohiyo watu wale wachache walikuwa wakibadilisha injini nzima ya kuchakata picha ili ihamie GEGL, kazi iliyoleta toleo la 2.10 mwaka 2018 na kuruhusu rangi zenye kina kikubwa kuliko zamani. Hiyo ndiyo kazi mpiga picha aliyoihitaji. Kuhama GTK kulihitaji mikono ileile, na mkono ukiwa kwenye vitufe hauko kwenye rangi. Vilevile nyongeza zote zilizoandikwa na watu wengine kwa miaka mingi zilitegemea mpangilio wa zamani. Kuvunja mpangilio mara moja ni vigumu, na kuuvunja mara mbili ni kuwafukuza waandishi wa nyongeza hizo. Ilibidi wasubiri mpaka wavunje kila kitu kwa pamoja.

Watu wa XFCE, mazingira mengine ya mezani ya Linux, walipitia hali hiyohiyo kwa kipimo chao. Toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015. Toleo la 4.14 lilitoka Agosti 2019, miaka minne na nusu baadaye, na lengo lake kuu lilikuwa kuzihamisha sehemu zote kwenda GTK 3. Mtumiaji wa kawaida aliyelifungua siku hiyo alikuta eneokazi lilelile alilolijua, kwa makusudi kabisa. Kubaki vilevile ndiko kulikokula sehemu kubwa ya miaka ile.

Upande wa Qt mambo yalianza kwa ugomvi wa leseni. Qt ilitoka Norway, kwenye kampuni ya Trolltech. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani, alitangaza KDE, mradi wa mazingira ya mezani, akaijenga juu ya Qt kwa sababu kwa ubora haikuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba leseni ya Qt wakati ule haikuwa huria. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena, Wamexico wawili, wakaanzisha GNOME, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hiyo leseni. Ukiona leo Linux ina mazingira makubwa mawili ya mezani, yenye programu mbilimbili za kila kitu, visoma barua viwili, visimamizi viwili vya mafaili, mzizi wa mgawanyiko huo uko kwenye karatasi ya leseni ya maktaba ya vitufe. XFCE nayo ilianza na maktaba ya XForms, ambayo haikuwa huria. Kampuni ya Red Hat ikakataa kuiweka kwenye mfumo wake wa Linux, na Olivier Fourdan akaiandika upya kwa GTK.

Watu wa KDE walifanya jambo moja ninaloliheshimu mno. Mwaka 1998 walikaa na Trolltech wakaunda taasisi inayolinda Qt huria: kampuni ikiacha kutoa toleo huria kwa miezi kumi na miwili, taasisi ina haki ya kuitoa Qt chini ya leseni iliyo wazi zaidi. Tangu hapo Qt imenunuliwa na Nokia, ikauzwa kwa Digia, ikawa kampuni yake yenyewe, na makubaliano yale yamevuka kila mauzo. Qt ikapata leseni huria ya GPL mwaka 2000 na ya LGPL mwaka 2009. Hata hivyo kalenda bado iko mikononi mwa kampuni. Mwaka 2021 masahihisho ya muda mrefu ya Qt 5.15 yalianza kutolewa kwa wanaolipa kwanza, na KDE ikalazimika kukusanya na kutunza mabaka, yaani vipande vya masahihisho, yake yenyewe mpaka ilipokamilisha kuhamia Qt 6, mwaka 2024. Makubaliano mazuri kiasi gani, bado kuna mtu alikaa usiku akibandika mabaka.

Kuna waliohama kabisa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Linus Torvalds, yuleyule wa Linux, aliandika Subsurface mwaka 2011 kwa ajili ya kumbukumbu za uzamiaji, akitumia GTK. Dirk Hohndel alipoichukua, mwaka 2013 wakahamia Qt. Wireshark, programu ya kuchungulia mawasiliano ya mtandao, ikafuata, na toleo lake la 2.0 la mwaka 2015 likaja na Qt. Sababu mojawapo kwa wote ilikuwa Windows na Mac: programu iliyokaa vizuri kwenye Linux ilionekana mgeni kwingineko. LXDE, mazingira mepesi yaliyookoa kompyuta nyingi za zamani, nayo ilianza kuhama mwaka 2013, ikaungana na mradi wa Razor-qt na kuzaa LXQt. Nikiiangalia orodha hii naona kitu kimoja: wote walihama wakati ambapo ilibidi waandike upya hata kama wangebaki. GTK 2 kwenda GTK 3 ilikuwa safari ndefu, na mtu akishafunga mizigo huangalia njia zote.

Sitaki ieleweke kwamba wanaotunza GTK ni watu wabaya. Nao ni wachache, baadhi wameajiriwa na Red Hat, na wangeshikilia kila kilichokuwepo mwaka 2002 wasingepata nafasi ya kuifikisha Wayland. Uchovu upo pande zote mbili. Ninachosema ni kwamba gharama hailipwi na anayeamua.

Sasa nije kwenye upande ninaoujua kwa mikono yangu: tafsiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ikiitwa Jambo OpenOffice, na wengi wetu tuliopenda kazi hii tulianza kwa kuona kwamba inawezekana. Mtu akifikiria tafsiri anafikiria maneno. Ukikaa nayo unagundua kwamba unashindana na vitufe.

Angalia herufi zilizopigiwa mstari kwenye menyu, zile zinazokuwezesha kubonyeza Alt na herufi moja. Kwa Kiingereza maneno ya kawaida yametawanyika. Kwa Kiswahili tuna Faili, Fungua, Funga, Futa. Tuna Hariri, Hifadhi, Hamisha. Kwenye menyu moja unakuta watu wanne wanagombea F. Nimetumia jioni nzima nikigawa herufi: Fungua ichukue F, Funga ichukue G, Futa ichukue T, halafu nakuta maktaba yenyewe imeshampa T mtu mwingine kwenye dirisha dogo ambalo mimi siligusi.

Au sentensi fupi ya kusema kitu kimechaguliwa. Kwa Kiingereza neno ni moja kwa vitu vyote. Sisi tunahitaji kujua ni nini kilichochaguliwa: faili zimechaguliwa, matabaka yamechaguliwa, vitu vimechaguliwa, watumiaji wamechaguliwa. Mifumo ya tafsiri inayotumiwa na GTK na Qt inajua umoja na wingi. Ngeli haizijui. Zote mbili zinamruhusu mwandishi wa programu aongeze maelezo ya muktadha kando ya neno, ili mfasiri apate nafasi tofauti kwa kila mahali, lakini lazima akumbuke kuyaweka. Asipokumbuka, mfasiri anabahatisha, na ndiyo maana menyu za Kiswahili wakati mwingine zinasikika kama zimeandikwa na mtu asiyetujua.

Na kuna lililoniumiza kimyakimya. Enzi za GTK 2 kulikuwa na vitu vya akiba: mwandishi alisema tu anataka kitufe cha akiba cha kuhifadhi, na maktaba ikaleta alama na neno lililokwisha kutafsiriwa. Ukitafsiri Hifadhi mara moja ndani ya GTK, programu zote zilizotumia kitufe hicho zilipata Kiswahili, hata zile ambazo hakuna Mswahili aliyewahi kuzigusa. Mwaka 2013, kwenye GTK 3.10, utaratibu huo ulitangazwa kuwa wa kuachwa, na kwenye GTK 4 haupo. Walikuwa na sababu. Neno la jumla halikufaa kila mahali, na kitufe kinaeleweka zaidi kikisema hasa kinachofanya. Kwa Kijerumani au Kifaransa, wenye kundi la wafasiri kwa kila programu, ni hatua ya mbele. Kwetu, wafasiri wachache kwa programu nyingi, ilimaanisha Hifadhi moja iligeuka Hifadhi mia, kila moja ndani ya faili lake. Sidhani kama kulikuwa na mtu chumbani aliyeliona hilo wakati wa kuamua.

Kuhusu Electron, njia nyingine ya kujenga madirisha, nitasema kidogo. Inabeba kivinjari kizima ndani ya kila programu, na kweli inamwondolea mwandishi maumivu mengi niliyoyataja. Lakini kompyuta ya mama mdogo ina kumbukumbu ya GB 4, na anafungua kivinjari wakati huohuo. Kwake hiyo si njia.

Nilikaa wiki mbili nikiwaza cha kufanya na daftari lake. GTK 4 ingenipa dirisha zuri. Qt ingenipa jedwali bora kuliko yote. Mwishowe nikachagua Tk, inayokuja na Python yenyewe. Iliandikwa na John Ousterhout, naye akiwa Berkeley, na sura yake inaonyesha umri. Ila nilichukua mfano wa zamani sana wa Tk niliokuwa nao kwenye kumbukumbu zangu, nikabadilisha mstari wa kuita maktaba na amri chache za kuchapisha, ukafunguka. Hicho ndicho nilichokitaka. Hesabu nikazitenga kwenye faili lake, zisiguse dirisha hata kidogo, na dirisha nikaliandika fupi kadiri nilivyoweza: mistari mia mbili na kitu.

Nilimpelekea mwenyewe Morogoro, Ijumaa jioni. Akaliangalia muda mrefu bila kusema.

"Mbona vitufe vimekuwa kama vya zamani?"

"Ni vya zamani, mama mdogo. Nimevichagua kwa sababu hiyo."

Akavuta kiti. Akaingiza hisa tano za mwanachama wa kwanza, akabonyeza Alt na H bila kuangalia kibodi, kama alivyozoea miaka yote, ikahifadhi.

"Haya," akasema. "Nisomee jina linalofuata."